Friji Nyumbani kwa Mfugaji: Tambua Kasoro Mapema, Okoa Chanjo na Maziwa

Umeme umefika katika nyumba nyingi za Muyama na vijiji vingine vya nyanda za juu za Buhigwe, Kasulu na Kibondo, na pamoja nao friji zimeingia. Kwa mfugaji, friji si ya soda na maji ya baridi tu. Ndimo maziwa ya jioni yanapolala kusubiri mteja wa asubuhi. Ndimo mchanjaji wa kuku anapohifadhi chupa zake za chanjo ya mdondo. Na mara nyingine, siku ya kampeni ya uchanjaji, mtaalamu wa mifugo huomba hifadhi ya usiku mmoja kwa chanjo ya ng'ombe iliyobaki.

Maziwa yakiharibika utajua. Yatanuka, yataganda, na hasara yako itakuwa lita kadhaa. Chanjo ikiharibika hutajua. Chupa itabaki na rangi ileile, sindano itaingia vilevile, na ng'ombe atarudi malishoni. Wewe utaamini amekingwa. Utakuja kugundua siku kimeta au chambavu itakapoingia zizini, na kimeta haiishii kwa ng'ombe. Hushika pia watu waliochuna na kula mzoga. Kwa sababu hiyo kasoro ndogo ya friji katika nyumba ya mfugaji ni jambo kubwa.

Kipeperushi hiki kinakuonyesha jinsi ya kutambua kasoro za kawaida, zipi urekebishe mwenyewe, na zipi umwachie fundi.

Kwanza: jua friji inavyofanya kazi

Friji haitengenezi baridi. Inachofanya ni kutoa joto lililomo ndani na kulitupa nje. Gesi inayozunguka kwenye mabomba hubeba joto hilo, na kompresa (lile pipa jeusi dogo la nyuma, chini) ndiyo inayoisukuma. Joto hutokea kwenye mabomba ya nyuma au ubavuni. Ndiyo maana ukishika mgongo wa friji inayofanya kazi unasikia uvuguvugu.

Ukishika jambo hili, kasoro nyingi utazielewa. Joto likizuiwa kutoka nyuma, ndani hapapoi. Joto jipya likiingia kila mara kupitia mlango, ndani hapapoi. Kompresa isipozunguka, hakuna kinachobeba joto.

Pili: weka kipimajoto

Watu wengi hupima friji kwa masikio na macho: inaunguruma, taa inawaka, kuna barafu, basi ni nzima. Hivyo vyote havitoshi. Friji inaweza kuunguruma usiku kucha na ndani pawe na nyuzijoto 14. Inaweza pia kuwa na barafu nyingi huku rafu ya chini ikiwa vuguvugu.

Nunua kipimajoto kidogo cha friji na ukiweke rafu ya katikati. Soma asubuhi kabla hamjafungua mlango mara nyingi, na jioni kabla ya kuingiza maziwa. Andika kwenye daftari. Kijana yeyote anayesoma shule anaweza kupewa kazi hii.

- Chanjo nyingi za mifugo zinahifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Soma karatasi ya chanjo yenyewe.
- Maziwa yanakaa vizuri kwenye nyuzijoto 4 au pungufu kidogo.
- Chini ya 0 ni kuganda. Juu ya 8 ni hatari kwa chanjo na kwa maziwa.

Tatu: kasoro za kawaida na hatua za kuchukua

*1. Friji haiwaki kabisa, hata taa ya ndani*

Usianze na fundi. Fuata mstari wa umeme kutoka mwanzo:

- Angalia mita ya LUKU. Mara nyingi uniti zimekwisha usiku na hakuna aliyejua.
- Angalia swichi kubwa ya nyumba kama imejikata.
- Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Simu isipochaji, kasoro ni ya soketi.
- Fungua plagi uangalie fyuzi, baada ya kuichomoa ukutani.
- Kagua waya wote kwa macho. Panya hupenda joto la nyuma ya friji na hutafuna waya. Waya uliotafunwa usifungwe kwa mfuko wa nailoni, ubadilishwe.
- Angalia kitufe cha kurekebisha baridi ndani ya friji. Pengine mtoto amekirudisha kwenye 0.

*2. Taa inawaka lakini ndani hakuna baridi*

Sikiliza nyuma. Ukisikia kompresa inajaribu kuwaka, inatetemeka, kisha inakata "ta!" na kurudia baada ya dakika chache, chomoa friji mara moja. Huenda umeme ni mdogo, jambo ambalo hutokea jioni watu wengi wanapotumia umeme kwa pamoja. Huenda pia kidude cha kuwashia kompresa kimeungua. Kuiacha ijaribu usiku mzima ndiko kunakoua kompresa.

Subiri dakika 5 au zaidi kabla ya kuchomeka tena, kwa kuwa gesi inahitaji muda wa kutulia ili kompresa iweze kuanza. Ikirudia, iache na umwite fundi. Kinga nzuri ni kifaa cha kulinda friji kinachouzwa madukani: hukata umeme ukipanda au kushuka sana, na huchelewesha kuwasha umeme unaporudi. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya kompresa mpya.

*3. Inafanya kazi lakini inapooza kidogo*

Hii ndiyo kasoro inayoharibu chanjo nyingi, kwa sababu hakuna anayeiona. Chunguza kwa utaratibu huu:

- Mpira wa mlango. Weka noti kati ya mlango na friji, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira haubani hapo. Rudia pande zote. Mpira ulio mchafu uoshe kwa maji vuguvugu na sabuni. Uliochanika ubadilishwe.
- Nafasi ya nyuma. Friji ikae mbali na ukuta angalau upana wa kiganja. Isiwe jirani na jiko la kuni wala mahali jua la mchana linapoingia.
- Vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabarani hujaa kwenye mabomba ya nyuma na kuzuia joto kutoka. Chomoa friji, safisha kwa brashi laini kila baada ya miezi 2 au 3.
- Kujaza kupita kiasi. Baridi lazima ipate njia ya kuzunguka. Usipange vitu vikabanana.
- Maziwa ya moto. Maziwa yakitoka kwenye kiwele yana joto la mwili wa ng'ombe, karibu nyuzijoto 38. Ukiingiza ndoo ya lita 10 moja kwa moja, friji ya nyumbani itahangaika kwa saa kadhaa, na kila kilichomo kitapata joto, chanjo ikiwemo. Poza kwanza: weka chombo cha maziwa chenye mfuniko ndani ya beseni la maji baridi ya chemchemi au kisima, badilisha maji mara 2 au 3, kisha ndipo uingize. Fanya hivyo mara tu baada ya kukamua, kwa kuwa vijidudu huongezeka upesi katika maziwa vuguvugu.

*4. Barafu imejaa ndani*

Barafu nene si dalili ya friji yenye nguvu. Ni blanketi: inazuia baridi kufika kwenye vitu. Ikifikia unene wa nusu sentimita, iyeyushe. Hamishia chanjo na maziwa kwenye boksi la barafu, chomoa friji, acha mlango wazi, weka sufuria ya maji ya moto ndani ili kuharakisha, na tandika matambara chini.

Usichokonoe barafu kwa kisu, panga wala bisibisi. Ukitoboa bomba mara moja tu, gesi yote itatoka, na matengenezo yake yanaweza kukaribia bei ya friji nyingine. Friji nyingi za siku hizi zina gesi inayowaka moto. Ukisikia mluzi wa gesi inayotoka, chomoa kama unaweza kufanya hivyo salama, fungua madirisha, na usiwashe kiberiti.

Barafu ikirudi haraka baada ya kuyeyusha, tazama tena mpira wa mlango.

*5. Inagandisha vitu rafu za chini*

Hapa wafugaji wengi hukosea, wakidhani baridi ikizidi ndiyo usalama. Sivyo. Chanjo nyingi za maji zilizo tayari kwa sindano, kama za chambavu na za ugonjwa wa miguu na midomo, huharibika zikiganda, na zikiyeyuka hazirudi kuwa chanjo.

Kumbuka mambo mawili. Kwanza, kwenye friji nyingi namba kubwa ya kitufe maana yake ni baridi zaidi, si joto zaidi. Pili, usiku wa huku kwetu nyanda za juu una baridi, hasa kiangazi cha Juni na Julai. Kitufe kilichowekwa juu kwa ajili ya joto la mchana kinaweza kugandisha chupa alfajiri. Msimu ukibadilika, soma kipimajoto na urekebishe hatua moja, kisha subiri siku nzima kabla ya kurekebisha tena.

Chanjo ikae rafu ya katikati. Isikae mlangoni, ambako joto huingia kila mlango unapofunguliwa. Isiguse ukuta wa nyuma wala isikae chini tu ya sehemu ya barafu.

*6. Maji yanavuja*

Ndani, nyuma, chini, kuna tundu dogo la kupitisha maji. Likizibwa na uchafu, maji hujaa na kumwagika. Lizibue taratibu kwa mrija laini na maji vuguvugu.

*7. Kelele na mtetemo*

Mara nyingi friji haikukaa sawa. Weka kibao chini ya mguu ulio juu ya shimo. Angalia pia kama mabomba ya nyuma yanagusa ukuta.

*8. Friji mpya, au iliyosafirishwa, haipoi*

Friji iliyonunuliwa Kasulu mjini ikaletwa imelazwa juu ya pikipiki au gari isiwashwe ikifika. Ikilala, mafuta ya kompresa huhamia kwenye mabomba. Isimamishe na uiache itulie kwa saa kadhaa. Ikiwa ililala safari nzima, subiri hadi kesho yake. Kila inapowezekana, isafirishwe ikiwa imesimama.

*9. Inapiga shoti ukiigusa*

Chomoa, zuia watoto, mwite fundi umeme. Nyumba nyingi hazina waya wa ardhini uliofungwa vizuri. Usiendelee kuitumia kwa kuvaa kandambili. Wakati wa mvua, radi inapoanza kunguruma karibu, chomoa friji mapema. Ikifungwa mlango itatunza baridi yake.

Nne: umeme ukikatika

Andika saa ulipokatika. Usifungue mlango. Friji iliyofungwa hutunza baridi kwa takriban saa 4; ukifungua kila mara muda huo hupungua sana. Msaada wa bure ni chupa za maji zilizogandishwa: jaza chupa za plastiki 3 au 4, uziache kwenye sehemu ya barafu siku zote.

Umeme ukichelewa, hamishia chanjo kwenye boksi la kubebea chanjo. Lakini chupa ya barafu iliyotoka sasa hivi inaweza kugandisha chanjo. Iache nje kwanza mpaka uitikise na kusikia maji yanacheza ndani, kisha izungushie kitambaa au gazeti. Kipimajoto nacho kiingie humo.

Kwa wenye umeme wa jua: friji ya kawaida inahitaji nguvu nyingi sana inapoanza kuwaka, na betri ndogo haiwezi. Ikizimika kila alfajiri, tatizo si friji, ni betri. Tafuteni friji iliyotengenezwa kwa ajili ya sola.

Tano: chanjo ikipata joto au ikiganda

Usiitumie, na usiitupe bado. Fanya hivi:

1. Itenge ndani ya friji au boksi la baridi, iandike USITUMIE.
2. Andika joto ulilolikuta na muda unaokadiria ilikaa hivyo.
3. Mpigie afisa mifugo wa kata. Yeye ndiye ataamua.
4. Ikikataliwa, irudishe kwake iteketezwe. Usiitupe jalalani wala mtoni.

Usione aibu kusema. Aibu ya kusema "friji yangu ilizimika" ni ndogo kuliko kuchanja kundi la jirani kwa maji matupu.

Chanjo hazifanani. Chanjo ya mdondo aina ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, huvumilia joto kuliko nyingi, ndiyo maana imefaa sana vijijini. Hata hivyo si ya kuachwa juani. Chanjo ya ndigana kali huishi katika mtungi wa nitrojeni yenye baridi kali mno. Friji ya nyumbani haiwezi kuitunza. Na chanjo ya unga iliyokwisha kuchanganywa na maji yake haina maisha marefu: itumike ndani ya muda ulioandikwa, na kilichobaki kisirudishwe kwenye friji kwa ajili ya kesho.

Wazee wanaikumbuka sotoka iliyomaliza ng'ombe wa Afrika. Chanjo yake nzuri ilipatikana Muguga, Kenya, lakini kwa miaka mingi ilitegemea baridi, na wafugaji wa mbali walikosa. Ilipopatikana njia ya kuikausha ivumilie joto kwa wiki kadhaa, wachanjaji waliibeba kwa miguu hadi Karamoja nchini Uganda na Afar nchini Ethiopia. Mwaka 2011 dunia ikatangaza sotoka imekwisha. Chanjo nyingi tulizonazo leo bado hazijafikia uvumilivu huo. Bado zinategemea friji, na friji inategemea jicho lako.

Sita: chakula na dawa katika friji moja

Bora chanjo iwe na friji yake. Ikishindikana, iwekwe kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, liandikwe CHANJO, mahali mtoto hafikii. Baadhi ya chanjo zina vijidudu hai. Ile ya ugonjwa wa kutupa mimba inaweza kumdhuru binadamu, hivyo isilale kabisa na chakula cha familia.

Na friji haisafishi maziwa. Baridi huzuia vijidudu visiongezeke, haiviui. Maziwa yaliyolala kwenye friji bado yachemshwe kabla ya kunywa.

Asiye na friji apoze maziwa kwa maji ya chemchemi, au kwa chungu ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa katikati, hasa kiangazi hewa ikiwa kavu. Njia hii inasaidia maziwa kwa saa chache. Kwa chanjo haifai.

Saba: wakati wa kumwita fundi

Mwite ikiwa kompresa ni ya moto sana na haizunguki, mabomba yana alama za mafuta, inazunguka bila kukatika na hakuna baridi, au inapiga shoti. Akisema gesi imekwisha, muulize imetokea wapi. Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya taa. Ikipungua, kuna tundu. Fundi anayejaza bila kuziba tundu utamwita tena mwezi ujao. Mwonyeshe kibandiko cha nyuma ili atumie gesi ya aina ileile, na mkubaliane bei kabla hajafungua kitu.

Ukaguzi wa nyumbani

- Kila siku: soma kipimajoto asubuhi na jioni, andika.
- Kila wiki: futa mpira wa mlango, angalia barafu, angalia uniti za LUKU.
- Kila mwezi: jaribio la noti mlangoni, kagua waya.
- Kila msimu: safisha mabomba ya nyuma, rekebisha kitufe.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Friji inaunguruma na ina barafu. Je, hiyo inatosha kusema chanjo iko salama? Kwa nini?
2. Mama amekamua lita 8 jioni na kuna chupa za chanjo kwenye friji. Afanye nini kabla ya kuingiza maziwa?
3. Asubuhi umekuta kipimajoto kinasoma chini ya 0. Utafanya nini na chanjo ya chambavu, na utampigia nani?
4. Fundi anasema gesi imekwisha. Utamuuliza swali gani?

Ndugu mfugaji, ukipokea chanjo kutoka kwa mtu yeyote, uliza ililala wapi na joto lilikuwa ngapi. Na ikilala kwako, uwe na daftari la kumwonyesha atakayeuliza. Kwa maelezo zaidi, muone afisa mifugo wa kata yako.